Tableti ku masomo: mbele ya kutosha franga, tuulize kwanza



Ndani ya batri ya tableti muko cobalt. Zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia nzima inatoka mu Congo yetu, na sehemu kubwa inatoka hapa hapa kwetu: Kolwezi, Fungurume, njia yote ya Lualaba. Mutu anayetumika Kamoto ao Mutanda anajua uzito wa ile mawe. Lakini mutoto wake, akiwa mu kilasi, mara nyingi anajifunza na ubao mumoja na buku moja ya mwalimu, sawa vile babu yake alijifunza. Na pengine babu yake alijifunza muzuri kumupita.

Njo maana, wakati masomo inaleta karatasi yenye kusema «tunaingiza numérique, kila muzazi atoshe franga ya tableti», wengi wetu tunafurahi. Tunasema: sasa watoto wetu nao watapata kitu kutoka mu hii cobalt. Furaha hiyo haiko mbaya. Lakini mimi ni mutu wa sendika, na ku sendika tunafundishwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza: soma karatasi mbele ya kutia mukono. Hii ya tableti nayo, tuisome.

Tunatoka wapi

Wazee wanakumbuka. Union Minière iliundwa mu mwaka 1906, na mu mwaka 1967 Serikali iliichukua, na kisha ikakuwa Gécamines. Mu wakati ule kampuni ilijenga nyumba za masomo, ikalipa walimu, na mutoto wa mufanyakazi alisoma bila baba kuhangaika. Kisha mambo ikaharibika. Mu mwaka 1990 mine ya Kamoto iliporomoka. Mu mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa ile mupango waliita «départs volontaires». Mu ile miaka yote wazazi njo walibeba masomo ku mabega: mwalimu aliishi na franga ya wazazi.

Mu Septemba 2019 Serikali ilianzisha gratuité ya primaire, vile Constitution ya 2006 ilikuwa imesema tangu zamani. Watoto waliokuwa wanabaki ku nyumba wakaingia ku masomo, na hii ni jambo la heri. Lakini viti havikuongezeka kwa haraka sawa vile watoto waliongezeka. Leo mwalimu wa cité anaweza kusimama mbele ya watoto 70, 80 ao zaidi, na pengine yeye mwenyewe ni N.U., maana yake anafundisha kila siku lakini jina lake halijafika ku listi ya mushahara ya Serikali.

Kwa hiyo swali yetu ya kwanza haiko «namna gani kila mutoto atapata tableti?». Swali iko hii: mwalimu mumoja, mbele ya watoto 80, tumusaidie na nini ili kila mutoto ajue kusoma na kuhesabu?

Mwaka 2020 ulitufundisha kitu

Mu Marchi 2020, juu ya Covid, nyumba zote za masomo mu Congo zilifungwa. Wizara ya masomo pamoja na UNICEF walitia mafundisho ku radio na ku televisheni, na Radio Okapi nayo ilipitisha mafundisho kwa watoto. Masomo za wenye mali zilituma kazi ku WhatsApp.

Nani alijifunza mu ile miezi? Mutoto mwenye mutu mukubwa karibu yake. Radio ilikuwa ku nyumba nyingi, lakini mutoto wa miaka 8 hawezi kukaa peke yake mbele ya radio na kuandika. Kwenye dada ao mama alikaa naye na kumuuliza «wamesema nini?», ile radio ilikuwa mwalimu. Kwenye hakuna mutu, radio ilikuwa kelele. Na kwa ile masomo ya WhatsApp, nyumba yenye telefone moja na watoto watano, telefone ilitoka na baba ku kazi saa kumi na mbili ya asubuhi na kurudia naye mangaribi. Watoto walingoja.

Tushike hiyo: kifaa peke yake hakifundishi. Mutu njo anafundisha, na kifaa kinamupa nguvu.

Wengine walijaribu mbele yetu

Kenya, mu uchaguzi wa 2013, wanasiasa waliahidi kompyuta kwa kila mutoto anayeingia kilasi ya kwanza. Maneno ya soko na mikataba ilichelewesha mambo, na mu 2016 njo vifaa vilianza kufika, mingi ikiwa tableti. Kwa mwisho vilikuwa zaidi ya milioni 1, mu nyumba za masomo zaidi ya 20 000. Ni kazi kubwa, hakuna mutu anaweza kuizarau. Lakini mu masomo mengi vifaa viliishia mu makabati: umeme haukutosha, walimu hawakuzoezwa vya kutosha, na mwalimu mukubwa aliogopa viibiwe, akafunga na kufuli.

Mu Pérou, Amerika ya Kusini, Serikali iligawa kompyuta ndogo nyingi sana kwa watoto wa vijiji. Mu 2012 Banque interaméricaine de développement ilitangaza uchunguzi wake: watoto walijua kutumia kompyuta, lakini mu hesabu na mu lugha hawakupita wale ambao hawakupata kitu.

Sasa tuangalie Tanzania, mukoa wa Tanga. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa mashindano yenye kuitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2 700 mu vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye programu ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakukuwa wamekanyaga masomo. Ku mwanzo, zaidi ya watoto 9 ku 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Kisha miezi 15, hesabu ya wale wasioweza ilipunguka kwa nusu. Mu Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dolari milioni 10.

Kwa nini Tanga ilipata matunda na Pérou haikupata? Mimi naona vitu vitatu. Kwanza, lugha: mutoto alijifunza mu Kiswahili, lugha anayosikia ku nyumba. Pili, programu ilikuwa na kazi moja tu, yenye kufuatana polepole kutoka herufi mupaka neno, kutoka neno mupaka musemo. Tatu, umeme: kila kijiji kilipata mahali pa kuchaji na jua, na mutu wa kijiji wa kupaangalia. Lakini tuseme kweli yote: nusu ingine ya watoto, kisha miezi 15, bado hawakusoma neno. Tableti bila mwalimu ilifika pale ikaishia. Mwalimu pamoja na kifaa, njo tunatafuta.

Mwalimu kwanza

Hapa kwetu, wakati Katanga ilikuwa ingali mukoa mumoja, ilipita programu ya IFADEM, ya Francophonie na ya AUF. Ilikuwa imeanza Burundi, Bénin, Haïti na Madagascar. Namna yake ilikuwa nyepesi kuelewa: mwalimu habaki miezi ku Lubumbashi kusomea mafundisho, anabaki mu kilasi yake. Anapewa vitabu vidogo vya kujifunza, anafuatwa na mutu mwenye uzoefu, wanakutana mara kwa mara na wenzake, na vifaa vya digitali vinasaidia pale barabara ni ndefu. Anajifunza leo, anajaribu kesho mbele ya watoto wake.

Sisi watu wa mine tunaelewa hii haraka. Wakati kampuni inaleta mashini mupya ku karyeri, haimupi dereva ufunguo na kusema «enda». Kuna mazoezi, kuna mutu wa kukaa kando yake, kuna siku za kujaribu. Mashini ya bei kali ikipewa mutu ambaye hakuzoezwa, inaharibika ao inaua. Basi namna gani tunataka kutia vifaa 60 mu kilasi bila kumupa mwalimu hata wiki moja ya mazoezi?

Telefone moja, kilasi moja

Sasa nafika ku kitu chenye kila masomo ya Kolwezi inaweza kuanza bila kungoja mutu. Mwalimu wengi wako na telefone ya kugusa. Ongeza carte mémoire moja na bafle moja ndogo ya kuchaji. Hiyo tayari ni kilasi ya digitali, kama mwalimu anajua cha kuitumia.

Kiwix. Hii ni programu ya bure yenye kusoma Wikipédia bila intaneti. Unaenda siku moja mahali kuko wifi, unachukua faili, unaweka ku carte mémoire, na imekwisha: mega haihitajiki tena. Kwa watoto kuna Vikidia, sawa Wikipédia lakini imeandikwa mu Kifaransa chepesi kwa watoto wa miaka 8 mupaka 13. Mwalimu asiye na buku ya géographie ao ya sciences, sasa iko naye mu mufuko. Na faili inapita kutoka telefone moja mupaka ingine: mwalimu mumoja akilipa mega, kumi wanapata.

PhET. Hii inatoka ku université ya Colorado, Marekani, tangu 2002. Ni michezo ya sciences: umeme, nguvu, maji, atomi. Iko mu Kifaransa, na mingine iko hata mu Kiswahili, na inaweza kutumika bila intaneti. Tufanye mufano: fundisho la circuit ya umeme. Mwalimu anachora ku ubao ampoule mbili zenye kufuatana ku waya moja. Anauliza: «Nikitosha ampoule moja, ile ingine itawaka ao itazima?» Watoto wote wanainua mukono: wale wa «itawaka», kisha wale wa «itazima». Anaandika hesabu ku ubao. Kisha njo anafungua telefone, makundi ya watoto wanane wanapita kuangalia wakati wengine wanachora mu daftari. Ile ampoule inazima. Anachora tena, sasa kila ampoule na njia yake. Ile ingine inabaki kuwaka. Mutoto aliyekuwa amekosa mbele ya wenzake hatasahau ile fundisho. Na mangaribi, baba yake electricien wa mine atamueleza kwa nini mu nyumba tunafunga taa kwa namna ya pili.

Mabuku ya kusoma. Loi-cadre ya masomo ya 11 Februari 2014 inaruhusu kufundisha watoto wadogo mu lugha zetu za taifa, na kwetu ni Kiswahili. Shida ni mabuku. African Storybook, kutoka Afrika ya Kusini, iko na hadisi nyingi fupi za watoto mu Kiswahili, bure, zenye picha. Mwalimu anachukua moja, anaandika misemo sita ku ubao, anairekodi kwa sauti yake mwenyewe, anapiga ku bafle, watoto wanafuata na kidole mu daftari. Kiswahili cha mule ni cha Kenya na Tanzania: wanasema «mtoto» pale sisi tunasema «mutoto», wanasema «shule» pale sisi tunasema «masomo». Haiko shida. Mwalimu anauliza: «Sisi hapa tunasema namna gani?» Na hii nayo ni fundisho la lugha.

Examen d'État. Tangu 1967 watoto wetu wanaipita, na maulizo mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya mengi. Mwalimu anaweza kupiga picha za maulizo ya miaka iliyopita na kuyapanga mu telefone. Kila asubuhi ulizo moja ku ubao. Lakini asiishie ku jibu la kweli. Aulize: «Na haya mengine, kwa nini ni ya uongo?» Pale njo mutoto anafikiri, kushika jibu ku kichwa peke yake haisaidii mwaka unaofuata.

Kuko pia VodaEduc ya Fondation Vodacom, yenye mafundisho ya programu yetu ya taifa. Mbele ya kuamini kama ni bila mega, mwalimu ajaribu mwenyewe na aangalie unités zake kabla na kisha.

Umeme unapita juu ya vichwa vyetu

Mutu wa Kolwezi hana lazima ya kuelezwa hii. Tangu 1982 laini ya Inga inafika hapa, karibu kilometre 1 700, na ilijengwa juu ya mine. Nzilo na Nseke ziko karibu, ku maji ya Lualaba. Lakini nyumba za masomo nyingi chini ya zile nyaya hazina hata taa.

Kwa hiyo kifaa chochote chenye kuingia ku masomo kiingie pamoja na umeme wake. Kwa telefone na bafle, panneau moja ndogo ya jua inatosha. Kwa tableti 40, hapana: inaomba panneau kubwa, batri, kabati ya kuchaji, mulango wa chuma, na mulinzi wa usiku. Kama karatasi ya masomo inataja bei ya tableti bila kutaja hivi vitu, ile bei haiko ya kweli. Ingine itakuja nyuma.

Franga iko, tujue mahali

Hapa njo sendika inaingia. Code minier iliyobadilishwa mu Marchi 2018 inasema redevance ya mine inagawanywa hivi: 50% kwa Serikali ya kati, 25% kwa mukoa, 15% kwa entité ya mahali mine inatumika, na 10% kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Entité, maana yake komini, muji, secteur ao chefferie. Manika na Dilala ni komini. Tena kampuni inapashwa kutosha angalau 0,3% ya chiffre d'affaires yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kuko cahier des charges yenye kusema kampuni itafanya nini.

Mara nyingi ile cahier inaandikwa «kujenga kilasi sita». Muzuri. Lakini kilasi ni kuta tu. Nani alisimama mu mukutano na kuomba panneau ya jua, mazoezi ya walimu, mabuku? Kama wazazi hawaombi, kampuni itajenga kuta, itapiga picha na kukata utepe, na kila mutu atarudia kwake. Sisi wafanyakazi tuko na njia mbili: tunakaa mu komite ya wazazi, na tunakaa mu délégation syndicale. Haya mambo iingie mu yote mawili.

Maulizo ya kupeleka ku mukutano wa wazazi

Katika karatasi hii, kateni hii sehemu, mutie mu mufuko.

1. Hii tableti itasaidia mwalimu kufundisha nini, mu kilasi gani, saa ngapi kwa wiki? Kama jibu ni «ni maendeleo», ulizo halijajibiwa.

2. Walimu watazoezwa siku ngapi, na nani, na nani atarudia kuwaangalia kisha miezi mitatu?

3. Umeme utatoka wapi, na nani atalipa batri siku itakufa?

4. Kifaa ni cha nani? Kama muzazi amelipa, mutoto akihama masomo anaenda nacho? Kikiibiwa ao kikivunjika, nani analipa?

5. Mutoto ambaye baba hana franga atakaa wapi wakati wenzake wako ku tableti? Ku primaire ya Serikali, gratuité ni haki. Hakuna mutoto wa kufukuzwa juu ya kifaa.

6. Tutajua namna gani kama inasaidia? Kitu chepesi: mbele ya kuanza, kila mutoto asome ukurasa mumoja mbele ya mwalimu, na mwalimu aandike. Ku mwisho wa trimestre, vile vile. Tulinganishe.

Hili la sita ni kubwa kuliko yote, juu haliombi franga hata moja. Ukurasa mumoja, bic moja, daftari moja. Masomo yenye kukataa kulifanya, haitaki kujua.

Neno kwa wenye kuogopa

Kuko wazazi wanaosema: telefone inaharibu watoto. Kweli, mutoto aliyeachwa peke yake na telefone ataangalia vitu vingine. Lakini hapa ninasema telefone ya mwalimu, mu mukono wa mwalimu, yenye kazi na saa. Na masomo isitie picha za watoto ku Facebook bila wazazi kukubali, sana sana za mabinti. Hii nayo iulizwe ku mukutano.

Wengine watasema: mwalimu N.U. hana mushahara, na wewe unamuletea bafle? Mimi nakubaliana nao nusu. Kifaa hakilipi nyumba ya mwalimu. Mushahara wa mwalimu ni vita yetu sisi wote, na hatutaacha kuipigana juu mutu ametuletea tableti. Lakini mutoto wa kilasi ya tatu hawezi kungoja. Mwaka huu njo anapashwa kujua kusoma. Akifika ya sita bila kujua, karyeri inamungoja na mufuko, na wote tunajua ile njia inaelekea wapi.

Komite ya wazazi inafanya mukutano ku mwanzo wa mwaka wa masomo. Baba mwenye poste ya usiku, omba mama aende, ao badilishana saa na mwenzako. Mama, chukua hii karatasi. Mutu mumoja akiuliza, watamwambia akae. Watu kumi wakiuliza ulizo lile lile, watawajibu.